Korona Iliyonyamaza

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 kwa barabara. Marehemu baba yangu alikwenda huko kwa miguu zaidi ya mara moja, kila mvua zilipokatika kwetu na mahindi yakafia shambani. Alikuwa akifuata kibarua cha mkonge.

Mkonge nao ulikuja nchini kama mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yaliifuata. Kila shamba lilihitaji kiwanda, na ndani ya kiwanda iliwekwa mashine ya kukamua majani. Wafanyakazi waliiita korona, jina lililotokana na mashine za "Corona" zilizoundwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani.

Majani yaliletwa kwa matoroli juu ya reli nyembamba, yakalishwa kwenye korona, yakapondwa kwa vyuma huku maji mengi yakiosha takataka. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 tu za singa. Zilizobaki zilikwenda na maji.

Waliofanya kazi hiyo walitoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Tuliwaita manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Baba alijaza kipande chake siku 30, kisha akaanza kingine. Kelele za korona zilimharibu masikio. Sisi wanawe tulidhani ni mkali, hajibu mtu, kumbe hakusikia.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, lakini anguko halikukoma: mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Baadaye yako mashamba yaliyofufuka, na huko Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na zile takataka zilizokuwa zikimwagwa.

Kiwanda alichofanyia kazi baba hakikufufuka. Nilipokwenda kukiona, nilikuta kuta za matofali bila paa. Korona ilikwisha kukatwa na kuuzwa chuma chakavu. Mzee mmoja alikaa kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini hapa?"

Nikamwambia baba yangu alikuwa mfanyakazi wa hapa, nikataja jina lake. Akafikiri kidogo.

"Namba yake ilikuwa ngapi?"

Sikuijua. Miaka yote ile niliyokaa na baba, sikuwahi kumwuliza.

Ndugu msomaji, kama mzee wako yu hai, muulize leo. Na akikaa kimya, usiseme ni mkali. Sogea karibu, upaze sauti.