Chewa wa Nassau na Mwezi Mpevu

Wasomaji wa pwani wanamjua chewa, samaki mnene mwenye kinywa kipana, akaaye peke yake katika pango la mwamba. Huyu ninayemtaja ni jamaa yake wa Bahari ya Karibea, aitwaye chewa wa Nassau. Naye hukaa peke yake mwaka mzima, isipokuwa siku chache za kuzaa. Wakati wa baridi, mwezi ukiisha kuwa mpevu, chewa hawa huacha mapango yao na kwenda ukingoni mwa mwamba, pale pale walipokutana mwaka uliopita. Wengine husafiri zaidi ya kilomita 100. Jua likichwa, jike hugeuka rangi akawa mweusi, akapanda juu kwa kasi, na madume humfuata. Yeye hutoa mayai, nao hutoa mbegu, vikachanganyika majini. Hakuna mzazi atunzaye kitu. Mayai huelea, yakaanguliwa baada ya siku moja hivi, na watoto huchukuliwa na mkondo.

Wavuvi wa visiwa waliijua siri hii kabla ya wataalamu. Katika mwaka 1972 Mmarekani C. Lavett Smith aliandika habari za mkutano mmoja karibu na Bimini, katika visiwa vya Bahama, akakadiria samaki kuwa 30,000 hata 100,000. Kwa mvuvi, hapo palikuwa kama ghala lisilo na mlango. Tena palikuwa na udanganyifu: hata samaki wakipungua bahari nzima, wale waliosalia bado hukusanyika, mishipi ikajaa, na mtu hudhani ya kuwa wangali tele. Hivyo makutano mengi yakaisha, moja baada ya jingine.

Mwaka 2001 wavuvi wakaona mkutano wa chewa wapatao 7,000 katika kisiwa cha Little Cayman. Kwa misimu miwili wakavua kama 4,000. Na chewa huyu hukaa miaka minne au zaidi kabla ya kuzaa, basi pengo hilo halikuweza kuzibwa upesi. Mwaka 2003 serikali ya visiwa hivyo ikakataza kuvua mahali pa kuzalia kwa muda wa miaka 8. Amri kama hiyo ni nzito kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Na miaka ikapita bila hesabu kupanda! Wapiga mbizi walishuka kila msimu, wakawatia alama baadhi ya samaki, wakalinganisha wenye alama na wasio nayo ili kujua jumla yao.

Mwaka 2011 amri ikarefushwa. Kisha wale wadogo waliosalimika wakakomaa, wakaanza kuja mkutanoni. Hata kufika mwaka 2018 chewa walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tatu. Sheria ya mwaka 2016 ilikataza kumvua popote visiwani humo tangu Desemba hata mwisho wa Aprili. Miezi mingine iliruhusu chewa watano kwa chombo kwa siku, wala si wakubwa mno wala wadogo mno.