Kuku wa Mtoto

Mwezi uliopita, tukiwa tumekaa barazani hapa Manundu, Korogwe, mjukuu wangu wa miaka sita aliniuliza kwa nini hanunuliwi sungura mweupe kama wa mtoto wa jirani. Mama yake anapendelea paka. Baba yake, mwanangu, hataki chochote chenye mdomo. Nikamwambia mjukuu, "Mume wangu, kwetu mtoto huanzia kwa kuku." Wote wakacheka, wakidhani ni utani wa bibi. Utani ulikuwa kwenye neno "mume" tu. Habari ya kuku ina historia ndefu.

Nililelewa na bibi yangu upande wa Sindeni, Handeni. Mwaka 1968, nikiwa na umri wa huyu mjukuu, alinikabidhi tembe mmoja, kishingo mwenye miguu ya njano. "Huyu wako," akasema. "Akitaga, mayai ya kwanza tunamwachia ayaatamie. Ukimsahau nje jioni, kicheche hatamsahau." Tangu siku hiyo kumfungulia asubuhi na kumfungia magharibi ikawa kazi yangu. Siku 21 za kuatamia nilizihesabu kwa punje za mahindi ndani ya kifuu. Vifaranga tisa walioanguliwa wakawa mali yangu, kasoro wawili waliochukuliwa na mwewe.

Mtoto wa Kimasai wa rika langu alikuwa akichunga ndama. Kwa nini mimi nilipewa kuku? Jibu ni mbung'o. Wazigua, wenyeji wa Handeni, zamani walifuga ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, maradhi ya ng'ombe, ilipita Afrika Mashariki ikifagia mazizi, na kabla karne haijaisha Handeni ikapigwa na njaa kali. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Watu walipokufa na wengine kuhama, mashamba yalirudi kuwa pori. Vichaka vikawa makao ya mbung'o, na mbung'o akaleta ugonjwa wa nagana. Mwenye ng'ombe wawili watatu aliwazika, akabaki na mbuzi na kuku. Kuku hafi kwa nagana, hahitaji malisho ya mbali, na mtoto anaweza kumbeba kwapani. Hivyo mfugo wa kwanza wa mtoto ulichaguliwa na pori.

Bibi alisimulia kwamba mama yake alikuwa akitembea siku mbili kutoka Handeni hadi Korogwe, tenga la kuku kichwani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaleta manamba kutoka mbali, watu wenye mshahara lakini wasio na kuku. Fedha ya tenga lile ililipa kodi ya kichwa. Ndani ya tenga, baadhi ya kuku walikuwa wa watoto, na kila mtoto aliulizwa kwanza. Hata mimi, mgeni alipotufikia, bibi alinijia: "Mjukuu wangu, naomba pora wako mmoja." Alijua nitakubali. Lakini aliomba.

Shuleni nilikutana na sungura. Tangu Elimu ya Kujitegemea itangazwe mwaka 1967, shule zilitakiwa kuwa na mashamba na miradi, na yetu ilijenga mabanda ya sungura. Tuliwapenda mno. Walikuwa wa wote. Likizo ndefu ilipofika kila mmoja alidhani mwenzake anawapelekea majani. Tuliporudi tulikuta mabanda matupu na harufu. Hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwenyewe.

Kishingo wangu nilimlilia. Wakati wa Operesheni Vijiji tulihamishiwa kijiji kipya, nyumba zikipakana, kuku wa kila mji wakichakura pamoja. Kideri kilipoingia hakikuchagua ua. Kuku walizubaa, wakaharisha kijani, shingo zikapinda, na wiki haikuisha kabla kijiji hakijakosa wa kuwika. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei. Siku hizo nilidhani ni laana. Sasa najua tulikosa chanjo.

Paka naye ana habari yake. Tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980, ikawa ikirudi kwa zaidi ya miaka 20. Mimi nilikuwa nikifundisha Mombo, chini ya milima hiyo. Tulijifunza kwamba viroboto wa panya ndio wanaobeba ugonjwa, na paka anayewinda panya huweza kuwaleta hadi kitandani. Paka ni mlinzi wa ghala la mahindi, namheshimu. Kulala na mtoto, hapana.

Kwa hiyo nimetoa hukumu yangu. Sungura anafaa nyumba yenye mtu mzima aliye tayari kukata majani kila siku, likizo na sikukuu. Paka anafaa nyumba yenye ghala. Mtoto wa miaka sita mpe tembe, umfundishe kunawa mikono kila anapomshika, na usimfiche mnyama akifa.

Jumamosi tulikwenda sokoni, mjukuu akachagua mwenyewe tembe mwenye madoadoa. Alimkumbatia huku mtaalamu wa mifugo akimdondoshea chanjo ya kideri, tone moja jichoni, na tarehe ya kurudia, miezi mitatu mbele, tumeiandika ukutani kwa mkaa. Wazazi wake nimewaonya: akija mgeni, kuku huyu na wanawe hawachinjwi mpaka mwenyewe aombwe. Akikataa, mgeni atakula maharage.