Ukarabati wa kiyoyozi cha awali cha gari la kale

Ukarabati wa kiyoyozi cha awali cha gari la kale ni kazi ya kurudisha katika hali nzuri mfumo wa kupoza hewa uliofungwa na kiwanda gari lilipotengenezwa, kwa kutunza vipuri vyake vya asili kadiri inavyowezekana. Kazi hii hufanywa hasa kwa magari ya Marekani ya miaka ya 1950 hadi 1970, kwa kuwa huko ndiko viyoyozi vya magari vilikoanzia na kuenea mapema. Hufanywa pia kwa magari ya kifahari ya Ulaya ya wakati huo, kama Rolls-Royce na Jaguar.

Katika magari mengi ya kale yaliyokarabatiwa, injini, rangi na viti vimekamilika lakini kiyoyozi kimeachwa kikiwa kimekufa, au kimeng'olewa kabisa. Sababu kubwa ni gesi yake. Mifumo hiyo iliundwa kwa ajili ya gesi ya R-12, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Mwenye gari hulazimika kuchagua kati ya kutafuta mabaki ya gesi ya zamani na kuufanya mfumo ukubali gesi nyingine ambayo haukuundiwa.

Historia

Kampuni ya Packard ya Marekani ilitangaza gari lenye kiyoyozi cha kiwandani mwishoni mwa 1939, likiwa toleo la mwaka 1940. Mteja alilipa dola 274 za ziada. Evaporeta, yaani sehemu inayopoza hewa, ilikaa nyuma ya kiti cha nyuma na kula nafasi kubwa ya buti. Kompresa haikuwa na klachi: ilizunguka muda wote injini ilipowaka, na msimu wa baridi ulipofika mwenye gari alipaswa kufungua bonneti na kuvua mkanda. Cadillac nayo ilitoa magari machache ya namna hiyo mwaka 1941, kisha vita vikasimamisha yote.

Mwaka 1953 Chrysler ilileta mfumo wake ulioitwa Airtemp katika gari la Imperial, na General Motors ikatumia mitambo ya Frigidaire, kampuni yake ya majokofu. Katika Cadillac za mwaka huo mirija ya plastiki angavu inapanda kutoka nyuma ya kiti cha nyuma hadi kwenye dari. Mirija hiyo huvunjika kwa urahisi, na gari lililobaki nayo nzima huthaminiwa sana. Mwaka 1954 Nash iliweka mfumo wote mbele, ukiunganisha joto na baridi katika kifaa kimoja chini ya dashibodi. Mpangilio huo ndio uliorithiwa na magari ya leo. Mwaka 1964 Cadillac ilianza kuuza mfumo wa Comfort Control uliojirekebisha wenyewe kufuatana na nyuzijoto alizochagua dereva. Kufikia 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Marekani yalikuwa na kiyoyozi.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi hadi iwe na shinikizo kubwa na joto kali. Gesi hiyo hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, hupoa na kuwa majimaji. Majimaji hupita kwenye chupa yenye chembe za kunyonya unyevu, ambayo mafundi huiita draya, kisha kwenye vali ya kupanulia yenye tundu jembamba. Yakitoka hapo shinikizo hushuka ghafla, yakaanza kuchemka ndani ya evaporeta na kufyonza joto la hewa inayopulizwa na feni kuelekea kwa abiria. Mvuke hurudi kwenye kompresa na mzunguko huanza upya.

Kompresa za wakati huo zilikuwa nzito. Ile ya York ilikuwa na pistoni mbili zilizosimama wima, na ilitumiwa na Ford pamoja na watengenezaji kadhaa wa Ulaya. Chrysler walikuwa na yao ya chuma cha kusubu, yenye pistoni mbili zilizopangwa kwa umbo la V. Iliyosambaa zaidi ni A6 ya Frigidaire, iliyoanza kutumika 1962. Ni mtungi mrefu wa uzito wa takriban kilo 16, wenye pistoni tatu zenye vichwa pande zote mbili, zinazosukumwa na sahani iliyoinamishwa juu ya mhimili. A6 ilifungwa pia katika Rolls-Royce Silver Shadow na Jaguar XJ, hivyo fundi anayeijua A6 anaweza kuhudumia magari mengi yasiyofanana kabisa kwa sura.

Gesi ya R-12 na matatizo yake

Kabla ya R-12, majokofu yalitumia gesi za hatari kama amonia na dioksidi ya sulfuri. Thomas Midgley na wenzake walipata mbadala mwaka 1928, na 1930 Midgley aliionyesha mbele ya wanakemia kwa kuivuta mapafuni kisha kuzima mshumaa kwa pumzi hiyo, ili waone kwamba haina sumu wala haiwaki. Midgley huyohuyo ndiye aliyevumbua matumizi ya risasi katika petroli.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za aina hiyo hupanda hadi tabaka la juu la angahewa, huvunjwa na mionzi ya jua na kutoa klorini inayoharibu ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliweka utaratibu wa kuziondoa. Marekani iliacha kutengeneza R-12 mwishoni mwa 1995, na nchi zinazoendelea, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilitakiwa kuacha kuzitumia ifikapo 2010. Mbadala wake katika magari, R-134a, hauharibu ozoni lakini bado unachangia ongezeko la joto duniani zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa dioksidi ya kaboni. R-12 inafikia zaidi ya mara 10,000. Kwa hiyo R-134a nayo inapunguzwa chini ya marekebisho ya mkataba huo yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016.

Desturi ya zamani ya gereji, ya kulegeza nati na kuacha gesi itoke hewani, haifai hata kidogo. Gari kubwa la Marekani la miaka ya 1960 linaweza kubeba karibu kilo 1.8 za R-12. Gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi, na kwa kuwa haitengenezwi tena, ina bei nzuri kwa wanaoihitaji.

Hatua za kazi

Kazi huanza kwa kitabu cha matengenezo cha gari lenyewe, maana mwaka mmoja unaweza kutofautiana na mwingine katika mpangilio wa mabomba na kiasi cha oili. Picha hupigwa kabla ya kufungua chochote. Mabano, skrubu na vibandiko vya kompresa huonekana vidogo, lakini ndivyo vinavyopotea kwanza na ndivyo vigumu kuvipata baadaye.

Kompresa ikizunguka kwa mkono bila kukwama, kuna matumaini. Udhaifu wa kawaida wa A6 ni sili ya mhimili mbele, nyuma ya klachi: gari likikaa miezi mingi bila kuwashwa, sili hukauka na gesi kuvuja. Ndiyo maana wenye magari hayo hushauriwa kuwasha kiyoyozi dakika chache mara kwa mara hata wakati wa baridi, ili oili ifike kwenye sili. Oili iliyotolewa huchunguzwa. Ikiwa safi, kompresa inaweza kubaki na kubadilishiwa sili na oringi tu. Ikiwa nyeusi au ina chembe za chuma, lazima ifunguliwe yote, na kondensa isafishwe au ibadilishwe kwa sababu chembe hukwama humo.

Evaporeta na kondensa husafishwa kwa kimiminika maalumu, hukaushwa kwa nitrojeni na kujaribiwa kwa shinikizo. Kisanduku cha evaporeta mara nyingi hukutwa kimejaa majani makavu na viota vya panya, na bomba la kutolea maji limeziba. Maji yasipotoka humwagikia zulia na kuozesha sakafu ya gari. Draya hubadilishwa kila mara mfumo unapofunguliwa. Baadhi ya magari yana draya yenye umbo la pekee, na hapo mafundi makini huikata ya zamani, huweka chembe mpya ndani na kuichomelea tena.

Mipira ya zamani huleta mjadala. Ilitengenezwa kwa R-12, na molekuli za R-134a, ambazo ni ndogo zaidi, hupenya kuta zake polepole. Njia ya kati ni kuchukua vichwa vya chuma vya mipira ya awali na kuvibana kwenye mipira mipya yenye utando wa ndani. Kwa macho mtu hataona tofauti kubwa.

Kisha kuna sehemu ambazo si za gesi. Vibao vinavyoelekeza hewa katika magari mengi huendeshwa kwa ombwe kutoka kwenye injini, kupitia vijibomba vya mpira vinavyopasuka kwa uzee. Vali ya maji ya moto isipofunga vizuri, kiyoyozi kizima hupigana na joto la rejeta. Wapo watu waliobadilisha kompresa mara mbili wakati tatizo lilikuwa kibao kimoja kisichojifunga.

Kubadili kwenda R-134a

Anayebaki na R-12 hahitaji kubadilisha oili wala marekebisho ya vali, na mfumo hupoza kama ulivyopoza siku ulipotoka kiwandani. Asiyeipata huhamia R-134a, na hapo mambo matatu hayaepukiki.

La kwanza ni oili. Oili ya madini iliyotumika na R-12 haichanganyiki na R-134a, hivyo hubaki chini mahali fulani na kompresa hukauka. Ile ya zamani hutolewa na kuwekwa oili ya esta. La pili ni kiasi: R-134a huwekwa kwa takriban asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye kitabu. Kioo cha kuchungulia juu ya draya, ambacho kwa R-12 kilionyesha mapovu gesi ikipungua, hakiaminiki tena.

La tatu ni shinikizo. Katika nyuzi 60 za Selsiasi shinikizo la R-134a hupita la R-12 kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kondensa ya zamani, yenye mirija minene na mapezi machache, huzidiwa hasa gari likiwa kwenye foleni. Feni yenye nguvu zaidi husaidia kuliko watu wanavyodhani. Karibu na sifuri hali hugeuka: R-134a ina shinikizo dogo kidogo. Magari mengi ya General Motors ya wakati huo yana vali iitwayo POA, inayozuia shinikizo la evaporeta lisishuke chini ya takriban psi 29 au 30, ambapo R-12 iko karibu na nyuzi 0, ili umande usigande kuwa barafu. Kwa R-134a nyuzi hizo ziko karibu na psi 28. Vali isiporekebishwa, hewa haitatoka baridi kama inavyopaswa ingawa kila kipuri ni kizima, kwa hiyo huteremshwa hadi psi 26 au 27.

Gesi zenye propani na butani huuzwa mahali pengine kama mbadala wa R-12. Hupoza vizuri, lakini huwaka, na evaporeta inayovuja itazimwaga ndani ya chumba cha abiria. Kuchanganya gesi mbili katika mfumo mmoja nako huharibu shinikizo na kuchafua mashine ya atakayezinyonya baadaye.

Kujaza na kupima

Kabla ya kujaza, pampu ya ombwe huachwa ifanye kazi kwa dakika 30 hadi 60 au zaidi. Lengo ni kuondoa hewa na unyevu: katika ombwe kali maji huchemka kwenye joto la kawaida la gereji na kutoka kama mvuke. Maji yakibaki hugeuka asidi pamoja na gesi, au huganda kwenye tundu la vali ya kupanulia. Pampu ikizimwa, sindano ya geji inapaswa kutulia. Ikipanda, kuna mahali panapovuja.

Mafundi wa zamani walitafuta mvujo kwa taa ya moto ambayo mwali wake hugeuka kijani ukikutana na R-12. Taa hiyo ni ya hatari, kwa kuwa gesi ikiungua hutoa fosijini, gesi yenye sumu kali. Leo hutumika kipima cha umeme, au rangi inayowekwa kwenye oili na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno.

Gesi hupimwa kwa mizani. Kisha injini huendeshwa kwa mizunguko takriban 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, milango ikiwa wazi na feni ikiwa ya juu kabisa, huku geji mbili na kipimajoto kwenye tundu la hewa vikisomwa pamoja, na matokeo hulinganishwa na jedwali la kitabu cha gari kwa nyuzijoto za nje za siku hiyo. Gari lililohamia R-134a halitafikia jedwali hilo kikamilifu. Tofauti ya nyuzi chache huhesabiwa kuwa ya kawaida.