Misalaba ya Mawe Kando ya Njia

Ukipita kwa miguu katika vijiji vya Saksonia au Bavaria kule Ujerumani, au katika Silesia ambayo leo ni sehemu ya Polandi, au upande wa Cheb katika nchi ya Wacheki, utakuta kando ya njia msalaba wa jiwe. Si msalaba wa kupendeza. Ni jiwe nene, na mikono yake ni mifupi. Mara nyingi haufiki hata kifuani mwa mtu. Hauna sanamu ya Bwana wetu, wala jina la mtu. Lakini inama utazame vema: katika jiwe kumechongwa shoka, au upanga, au kisu. Silaha inatafuta nini juu ya msalaba?

Jibu ni hili: mingi ya misalaba hiyo ilisimamishwa na wauaji.

Tangu karne ya 13 hadi ya 16, mtu akimwua mwenzake kwa hasira, labda katika ulevi au ugomvi wa shamba, shauri lilikuwa kwanza la jamaa mbili. Ndugu wa marehemu walidai kisasi, na kisasi kilizaa kisasi. Basi mapadri, mabwana wa nchi na wazee wa mji waliziketisha pande zote mbili, wakaandika mapatano. Mengi ya maandiko hayo yametunzwa, nasi twajua yaliyomo. Mwuaji alimlipa mjane na watoto. Alitoa nta kwa mishumaa ya kanisa. Alitolesha Misa kwa roho ya yule aliyekufa ghafla bila kuungama. Nadhani jambo hilo liliwauma jamaa kuliko mali. Alikwenda kuhiji Aachen au Roma. Alikuja kaburini na mshumaa mkononi, mbele ya watu wote, akaomba msamaha. Tena alisimamisha msalaba wa jiwe, mara nyingi mahali palepale damu ilipomwagika, ili wapita njia wamwombee marehemu. Huku kwetu pia wazee wengi walijua kwamba damu haimalizwi kwa maneno matupu. Msomaji hatashangaa sana.

Hata mji mzima uliweza kuwa na deni la namna hiyo. Karibu na mwaka 1325, wakati wa ugomvi mkubwa kati ya Baba Mtakatifu Yohana wa 22 na mfalme Ludwig wa Bavaria, watu wa Berlin walimwua Nikolaus, padri mkuu wa Bernau, wakamchoma moto. Baba Mtakatifu akaupiga mji marufuku: hakuna Misa mbele ya watu, hakuna maziko ya kikristu. Adhabu ilidumu miaka mingi. Ili kupatana, wenyeji walilipa fedha, wakajenga altare, wakasimamisha msalaba wa jiwe. Msalaba huo ungaliko Berlin, karibu na mlango wa kanisa la Bikira Maria. Ni mdogo, na watu wengi wanaupita bila kuuona.

Mwaka 1532 Kaisari Karolo wa Tano alitoa sheria mpya ya makosa. Tangu hapo kuua likawa shauri la serikali na hakimu, na mapatano ya jamaa yakaanza kufifia. Hayakuisha siku moja. Kule Stargard, katika Pomerania, kuna msalaba wa mwaka 1542 unaopita mita tatu, nao una maandishi: Hans Billeke aliuawa na Lorenz Mader, ndugu yake wa ukoo. Miaka kumi ilikuwa imekwisha pita tangu sheria ya Kaisari.

Desturi ilipokufa, maana yake ilisahauliwa. Watu wakatunga hadithi. Katika vijiji vingi vya Ujerumani walisema misalaba hii ni makaburi ya askari wa Sweden waliokuja katika vita vya 1618 hadi 1648, kumbe mingi ilisimama pale kabla Wasweden hawajafika. Katika Moravia walisema iliwekwa na Watakatifu Sirili na Metodi, walioishi katika karne ya 9! Mimi siwacheki. Hadithi hizo zimeulinda msalaba kuliko polisi, kwa maana mkulima aliogopa kwamba akiung'oa atapatwa na mabaya.

Lakini hofu ya namna hiyo haikuwazuia wajenzi wa barabara. Misalaba mingine ilivunjwa ikawa mawe ya msingi, mingine ikajengwa ndani ya kuta. Siku hizi iko hatari ya matrekta, ya magari na ya wezi. Ndipo twaona faida ya watu waliotembea mapema na kuandika: Max Hellmich alitoa kitabu chake juu ya misalaba ya Silesia mwaka 1923, na Kuhfahl kitabu chake juu ya ile ya Saksonia mwaka 1928. Baada ya mwaka 1945 Wajerumani wa Silesia walifukuzwa, wakaja Wapolandi ambao hawakujua habari za mawe hayo. Lakini baadaye hao wageni wenyewe waliunda chama kule Świdnica cha kuyatafuta. Bavaria ina sheria ya kulinda mambo ya kale tangu 1973, na Saksonia tangu 1993.

Yabaki mashindano mawili. La kwanza: si kila msalaba wa jiwe ni wa mwuaji. Mingine ilionyesha mpaka, mingine ni ya mtu aliyepigwa na radi au kukanyagwa na gari la farasi. Mahali pasipo na andiko la mapatano, afadhali kunyamaza kuliko kumpa marehemu mwuaji asiyekuwako. La pili: je, jiwe lipelekwe makumbusho? Kule halinyeshewi wala haliibwi. Lakini msalaba huu uliwekwa useme, "Ni hapa." Ukiuhamisha, huo ushuhuda umekatwa. Mimi ningeuacha njiani na kuuzungushia mawe makubwa ya kuzuia magari. Na kama hapana budi kuuhamisha, mahali pa kwanza papimwe na kuandikwa kwanza, kabla sururu haijagusa udongo.