Juni 1916, Kasanga

Jumatatu ya tarehe 5 Juni 1916, mambo matatu yalitokea siku moja katika pembe tatu za dunia. Magharibi ya visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, manowari HMS Hampshire iligonga bomu la majini jioni ikazama na Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, yule mwenye masharubu aliyewanyooshea watu kidole kwenye mabango ya kuandikisha askari. Nje ya Madina, Ali na Faisal, wana wa Sharifu Hussein wa Maka, walianza uasi dhidi ya Waturuki. Na huku kwetu, chini ya magenge ya Ufipa, boti za Kiingereza zilitokeza mbele ya Kasanga, zikalitazama boma la Wajerumani, zikageuza zikaenda zao.

Mawili ya kwanza yamo katika kila kitabu. Hilo la tatu nililifundisha Sumbawanga kwa miaka mingi bila kuliona kwenye kitabu cha kiada hata mara moja. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alijua nani aliuawa Sarajevo na kwa bastola gani, lakini hakujua kwamba vita hiyohiyo ilishuka hadi mahali ambapo wajomba zake wanavua migebuka. Sasa nimestaafu, hakuna mkaguzi wa kuniuliza mtaala unasemaje, kwa hiyo mwaka 1916 nitausimulia kuanzia Kasanga.

Kwenye ramani za Wajerumani usitafute jina la Kasanga. Pale waliandika Bismarckburg, na wilaya nzima, Ufipa yetu ikiwamo, ilitawaliwa kutoka katika boma lililojengwa kwenye rasi inayoingia Ziwa Tanganyika. Ukitoka Sumbawanga leo unapita Matai, kisha unaiacha nchi tambarare yenye upepo na baridi na kuanza kuteremka, na masikio yanaziba kabla maji hayajaonekana. Juu kwetu ni mita 1,800 hivi, na ziwa liko kwenye mita 770 na ushei. Wajerumani walichagua chini kwa sababu moja: meli. Barabara ya magari haikuwapo, reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 tu, na mwenye ziwa ndiye aliyekuwa na njia.

Kwa muda mrefu mwenye ziwa alikuwa Mjerumani. Alikuwa na Hedwig von Wissmann, alikuwa na Kingani, na tangu Februari 1915 alikuwa na Graf von Goetzen, meli iliyotengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyokuwa imezamia Rufiji mwezi Julai 1915. Kwa vyombo hivyo waliweza kumpiga Mbelgiji ng'ambo, au kuteremsha askari kusini na kumsumbua Mwingereza wa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Katikati ya 1915 Jenerali Wahle alikwenda na jeshi kuizingira ngome ya Saisi, upande wa pili wa mpaka, akashindwa kuichukua na kurudi.

Jibu la Waingereza limeandikiwa vitabu vingi kuliko vita yote iliyobaki ya kusini magharibi, nami naelewa kwa nini, maana ni kisa cha kuchekesha. Walichukua boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa mita 12 hivi, wakazipeleka kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Fungurume huko Katanga, kisha wakazivuta juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, tena reli, tena mto Lualaba, tena reli, mpaka Lukuga kwenye ukingo wa ziwa upande wa Kongo. Mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, alivaa kitu kama sketi na mwili wake ulijaa tatuu. Watu wa huko wakamwita Bwana Chifungatumbo. Siku ya pili ya Krismasi 1915 waliiteka Kingani, wakaibatiza jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig. Mwandishi C. S. Forester alikitumia kisa hicho kwa riwaya yake ya mwaka 1935, Hollywood ikaifanya filamu mwaka 1951, na ndani ya filamu hiyo Mlungu au Mfipa mwenye jina lake hayumo.

Ushindi wa Bwana Chifungatumbo uliishia mbele ya Kasanga. Kazi aliyopewa ilikuwa kuifunga njia ya maji ili Wajerumani wa boma wasitoroke wakati Luteni Kanali Murray akija kwa nchi kavu kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Murray alivuka mpaka mwishoni mwa Mei, safu zake zikiwa ni za polisi wa Rhodesia, weupe na weusi, na akaanza na kituo cha Namema. Wajerumani wakampenya usiku wakaondoka. Wakati huo Spicer-Simson alifika, akaiona mizinga juu ya kuta za boma, akaona ni hatari, akarudi Kituta. Waliokuwamo ndani hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walipakia katika majahazi, wakaelekea kaskazini. Tarehe 8 Juni, siku ya Alhamisi, Murray aliingia bomani akakuta pametulia. Ndipo ikajulikana kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Mtu akitaka kucheka, acheke. Lakini hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wanaoisimulia habari hii kama vichekesho, kwa sababu Kasanga ilikuwa na watu wengine zaidi ya waliotoroka na waliochelewa kuwafunga. Tazama kalenda kwa jicho la mkulima. Mwisho wa Mei na Juni ni wakati wa ulezi kuvunwa. Ghala zinajaa, na watu wa juu wanaanza kuteremka na nafaka kubadilishana kwa samaki na chumvi. Jeshi lolote lenye akili huja wakati huo, na hili lilikuja wakati huo. Bibi yangu mzaa mama, Mlungu wa upande wa Kasanga, hakuwa na la kusema juu ya mizinga ya mbao wala juu ya sketi ya Mzungu. Alichosikia kwa mama yake ni kwamba ulezi ulitiwa katika vyungu ukafukiwa chini ya sakafu, na moto wa jioni ukawashwa juu yake.

Wale wazee hawakuwa wakimficha Mjerumani tu au Mwingereza tu. Walikuwa wakiuficha ulezi kutoka kwa hesabu, na hesabu hiyo ni ya darasa la tano. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa ratili 60, yaani kilo 27. Alikula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Kama mzigo wake ni unga na safari ni siku kumi kwenda na kumi kurudi, amekula kilo 20 na ameufikishia mstari wa mbele kilo saba. Punda na ng'ombe wa kukokota hawakudumu, ndorobo wa mabondeni waliwamaliza. Basi kwa kila askari mwenye bunduki walihitajika watu kadhaa wa kumbebea, na nyuma yao watu wengine wa kuwabebea wale. Chakula cha wote kilitoka vijijini, kwa hiari au kwa nguvu, na wabebaji walitoka vijijini humohumo. Upande wa Rhodesia waliitwa tengatenga, wengi wao Wamambwe, Walungu na Wabemba, na Wamambwe na Walungu hao wako pande zote mbili za mpaka. Ndugu mmoja alimbebea Mwingereza, mwingine Mjerumani. Kwa vita nzima ya Afrika Mashariki wanahistoria hutaja wabebaji karibu 100,000 waliokufa kwa Mwingereza peke yake, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Dar es Salaam wana Kariakoo ya kuwakumbuka, iliyopata jina kutokana na kikosi cha wabebaji. Kwetu sijaona hata kibao.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza mwaka ule kuliko ramani yenye mishale. Upande wa mashariki Jenerali Northey alivuka kutoka Nyasaland mwezi huohuo wa Mei, akaichukua Tukuyu, na mwisho wa Agosti akaingia Iringa. Murray alimfuata kutoka Kasanga, kwa miguu, na nyuma yake mstari wa mizigo ulikwenda ukirefuka. Jenerali Smuts wa Waingereza alishuka kutoka Kilimanjaro. Dar es Salaam ikaanguka tarehe 4 Septemba. Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliipiga Kigoma kwa ndege zinazotua majini, jambo ambalo nadhani wavuvi wa Ujiji walilizungumza muda mrefu kuliko kifo cha Kitchener. Julai 26 Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe karibu na Kigoma, mashine zimepakwa mafuta mazito, kwa matumaini ya kurudi. Septemba 19 Tabora ikawa ya Wabelgiji. Yote hayo yalipitia mabegani.

Kabla Tabora haijaanguka, Wajerumani walikuwa wakitengeneza fedha humo. Nchi ilikuwa imefungiwa bahari, rupia hazikuja, basi katika karakana ya reli waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, upande mmoja ukiwa na tembo. Ziligongwa zipatazo 16,000. Leo wakusanyaji wa Ulaya huzinunua kwa bei ya gari. Aliyebeba mzigo kutoka Ufipa hakulipwa tembo wa dhahabu. Alipata heleri za shaba, au noti za muda zilizochapwa palepale nchini, na mwezi bendera ilipobadilika noti hizo zikawa karatasi. Kodi ya bwana mpya, hata hivyo, ilitakiwa kwa fedha ya bwana mpya.

Duniani kwingine 1916 ulikuwa mwaka wa majina makubwa ya mauti. Verdun ilianza Februari ikaendelea hadi Desemba. Tarehe 1 Julai, wiki tatu baada ya Murray kuingia Kasanga, Waingereza karibu 20,000 walikufa siku moja kwenye mto Somme. Dublin iliasi wakati wa Pasaka. Mtawala Franz Joseph wa Austria alifariki Novemba 21 baada ya kukaa kitini miaka 68. Afrika nayo ilikuwa na wafalme wake: Addis Ababa walimwondoa Lij Iyasu mwezi Septemba, wakimshutumu kuukumbatia Uislamu, na Novemba 6 Sultani Ali Dinar wa Darfur aliuawa na Waingereza. Wajerumani wa huku walikuwa wametangaza kwamba vita yao ni jihadi pamoja na Khalifa wa Istanbul. Waislamu wa Ujiji na Kirando waliposikia kwamba Sharifu wa Maka mwenyewe amemgeuka Khalifa, sijui ni sheikh yupi alipewa kazi ya kulieleza hilo.

Upande wa Kikatoliki hali ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Misheni za Ufipa zilikuwa za Mapadri Weupe, Wafaransa, Waholanzi na Wajerumani chini ya paa moja, Mfaransa na Mjerumani wakichinjana huko Ulaya. Askofu wao, Adolphe Lechaptois, Mfaransa, alikaa Karema tangu 1891. Mwaka 1913 alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya watu wa ziwa, na mwaka uliofuata padri mwenzake, Wyckaert, alichapisha makala juu ya wahunzi wa Kifipa na malungu yao, zile tanuru za udongo za mita tatu zinazovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mimi nimewatumia wote wawili darasani, na naona Wyckaert ndiye aliyetazama kwa makini zaidi. Mwaka 1916 malungu yalikuwa bado yakiwaka. Lechaptois hakuiona amani. Alifariki Novemba 30, 1917.

Aliyeiona ni mtu mwingine wa Karema. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu mnamo 1866, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa jangwani, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akamwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Kibende, akabaki kuwa daktari na katekista wa eneo lote. Mwaka 1916 alikuwa na umri wa miaka 50 hivi. Bendera ya Kijerumani aliikuta ikipandishwa, akaiona ikishuka, akaona ya Kibelgiji na ya Kiingereza. Mwanawe Joseph alipata upadri mwaka 1923. Mwaka uliofuata Waingereza waliiopoa Goetzen, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri hadi Kasanga kwa jina la Liemba. Atiman alifariki Karema mwezi Aprili 1956, TANU ikiwa na umri wa karibu miaka miwili.