Safu ya Lugha: Kuvuja na kupasuka

 Hapa Bukavu mabomba ya maji, yaani tiyo, hutusumbua kwenye maungio. Neno la tatizo hilo ni kuvuja, si kupasuka. Tiyo iliyopasuka imechanika, hukatwa na kubadilishwa. Inayovuja huenda ni nzima kabisa, ila maji yamepata upenyo pale tiyo mbili zinapokutana. Ukimwambia fundi "imepasuka", atakuja na msumeno na tiyo mpya. Ukisema "inavuja kwenye kiungio", atakuja na spana na utepe wa tefloni. Tofauti hiyo ni pesa.

Vilima vyetu vinachangia. Maji ya tangi moja yakishuka mita 10, shinikizo huongezeka kwa takriban bar 1, hivyo kiungio kinachohimili juu mtaani Kadutu huweza kuvuja chini karibu na ziwa. Fundi hufunga maji, hufungua kiungio, husafisha meno, kisha huzungusha tefloni kufuata upande wa kukazia. Ikizungushwa kinyume, hujikunja na kutoka. Kukaza kwa nguvu tu huweza kupasua kiungio chenyewe.

Kabla ya kumwita fundi, kausha tiyo kwa kitambaa, tazama tone linatokea wapi, ndipo umweleze.