Muda katika uchunguzi wa kesi za watoto (Bodo, Kwale)

Mtoto anapodhulumiwa kingono Bodo, kijiji cha wavuvi kusini mwa Kwale, saa ya kwanza kuhesabiwa ni ya mwili wake, kabla ya ile ya mahakama. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Hospitali kubwa ya karibu iko Msambweni. Nguo hazifuliwi, mtoto haogeshwi kabla ya kupimwa, kwa kuwa ushahidi huondoka na maji. Daktari hujaza fomu ya P3 inayotumiwa na polisi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, hutaka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu kukamatwa, au siku ya mahakama inayofuata. Lakini ni nani anayembana mpelelezi kabla ya kukamata?

Jibu lilitoka Meru. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu iliamua kuwa polisi, kwa kutochunguza haraka na ipasavyo malalamiko ya wasichana waliobakwa, walivunja haki zao za kikatiba. Uamuzi huo una uzito mkubwa Pwani, ambako Diani, eneo la ufuo wa Kwale, ilitajwa katika utafiti wa UNICEF na serikali wa 2006 kuhusu utalii wa ngono.

Adui mwingine wa muda ni suluhu ya kifamilia, inayompa mhalifu nafasi ya kutoroka. Ili muda usipotee, simu ya msaada kwa watoto, 116, hupokea taarifa bila malipo, mchana na usiku.